Soketi ya Nyuma

Projekta imekufa tena.
Ukutani hamna hata ule mraba wa buluu.
Gredi ya nne, watoto arubaini na saba, wananikodolea macho
kama jamaa waliokaa nje ya chumba cha upasuaji.

Nikaanza na dua ya kila fundi: zima, washa.
Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha.
Hapa Likoni chumvi hula kila tundu;
juzi nilisugua pini kwa kifutio cha penseli, zikapona.
Leo nimefungua kifuniko, nikakuta sisimizi,
mayai meupe juu ya feni:
wamehamia penye joto bila barua ya uhamisho.
Nikawaondoa kwa brashi ya rangi, taratibu.
Bado kiza.

"Mwalimu," akasema Mbeyu, kichwa chini,
"usifungue tena."

Nikaufuata waya kwa kidole,
chini ya madawati, kando ya ndala na maganda ya machungwa,
mpaka soketi ya nyuma.
Plagi yangu imelala sakafuni.
Mahali pake kabambe, mgongo umefungwa mpira,
ya mamake, mkaanga mihogo wa Mtongwe.
Tokeni zilikwisha kwao tangu Jumapili,
na wateja huagiza kwa simu.
Vijiti viwili vya chaji. Bado kimoja.

Basi nikachukua chaki.
Nikachora betri, waya, glopu,
nikauliza: umeme ukitoka hapa, huenda wapi?

Saa kumi, kwenye daftari la matengenezo,
safu ya mahitaji: ekstensheni, matundu manne.
Safu ya hitilafu:
sisimizi.