Nyuma ya Kabati

Tulifika Segerea saa nne, mimi na fundi Kambangwa,
yeye na nyundo ndogo tu.
Milioni themanini na mbili, dalali alisema kwenye simu,
haina tatizo, dada, ni kuingia na kulala.

Fundi hakusema. Aligonga.
Ukuta wa sebule ulijibu kama mtu aliyeshiba,
wa jikoni kama debe.
Alikwangua rangi karibu na sakafu, akaonja kwa ncha ya ulimi.
Chumvi, akasema. Na rangi hii ya juzi.
Wamekupakia wewe.

Mzee Ngwale alitufuata chumba hadi chumba,
kandambili zikipiga, mikono mgongoni,
kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Chumba cha tatu: hili kabati lisogezwe.
Ni zito, mzee akasema.
Tuko wanne, akasema fundi.

Ufa. Kutoka dirishani hadi chini,
na kando yake, kwa penseli, vimistari:
masika tisini na nane, unaingia ukucha.
Masika elfu mbili na mbili, ukucha na nusu.
Masika kumi na nne, sarafu ya hamsini, wima.
Mwandiko mmoja miaka yote,
ila wa mwisho unatetemeka.

Dalali akapata simu ya kupokea nje.
Nikafungua daftari: nondo, saruji, siku tisa za fundi.
Toa kumi na moja, mzee.
Kumi na moja! Ufa huu nimeulea mwenyewe,
najua unavyokua. Si wa kuua mtu. Natoa tatu.
Tisa.
Nne, na tangi la maji nakuachia.
Tangi linavuja.
Linavuja juu tu. Usilijaze.

Tulimalizana saba, ofisi ya serikali ya mtaa,
feni ikipeperusha karatasi, mwenyekiti akizibana kwa kikombe.
Alisaini polepole, mwandiko uleule.

Sasa ni Aprili. Mvua imepiga bati tangu usiku wa manane.
Ile saba imeshakwenda: ada, dari mpya ya sebule,
na fundi nimemwambia Juni.
Nimelisukuma kabati peke yangu, kwa goti,
nimetoa penseli kwenye begi la mwanangu.
Chini ya tarehe zake nimeandika yangu:
sarafu ya mia mbili inaingia,
na inacheza.

Kisha nimelirudisha kabati.