Weupe wa Tatu

Aprili, Kustavi. Barafu imeondoka ghubani
lakini nyuma ya banda bado imelala kivulini
kama mgeni aliyekwisha kuaga na hatoki.
Rauha amekalia ndoo iliyopinduliwa,
na magoti yake ya miaka sabini na moja,
uso kwa uso na ubavu wa mashua.

Faibaglasi haiozi, mumewe alipenda kusema.
Haiozi, ni kweli. Huchujuka.
Ukiipapasa, kiganja kinarudi na chokaa,
na juani weupe wake ni wa jino la mvuta kiko.
Tena hapa, karibu na tezi, kuna kovu refu:
jirani, Oktoba, akirudi nyuma na trela,
akitazama kioo kisichokuwa chenyewe.

"Iuze," mwanawe alisema kwenye simu.
"Nani ataihangaikia?"
Akakata simu, akaenda dukani,
akanunua jelikoti kopo moja, kichupa cha kigandishi,
na msasa wa kila namba waliokuwa nao.
Kijana wa kaunta akamwandikia nyuma ya risiti:
*Matone kumi na tano kwa kikombe kidogo.
Baridi ikizidi, haishiki.
Ikiona hewa, itanata. Ifunike.*

Basi akaanza kwa kuuchimba ufa,
ncha ya patasi ikipanua kilichotakiwa kuzibwa,
(hapo mkono ulisita)
akapangusa kwa asetoni, akachukua msasa wa themanini.
Vumbi. Vumbi kwenye kope, kwenye kahawa,
kwenye mikunjo ya shingo.
Na lilipotulia, pembeni mwa kovu, akaliona:
duara, ukubwa wa kisahani,
jeupe kwa weupe mwingine.

Kiraka.
Cha mtu aliyejua kazi na hakutaka ijulikane.

Rauha akavua barakoa.
Akahesabu miaka nyuma, kwa vidole, kisha kwa vuli.
Vuli ile Osmo aliposema anakwenda kuvua heringi,
akalala bandani usiku mbili,
akarudi bila samaki hata mmoja,
sweta ikinuka utamu mkali asioujua.
Hakumuuliza. Alimeza kimya kama mwiba wa samaki,
na mwiba ule ukakaa kooni miaka ishirini na sita.
Alishampa hata jina, huyo mwanamke.
Alishampa nywele.

Kumbe mwamba!
Osmo, aliyeapa sauna nzima ikimsikia
kwamba anaujua kila mwamba
kati ya gati lake na Houtskari,
Osmo alipiga mwamba,
akautibu kwa tochi, peke yake, kama mwizi,
akaipiga nta mpaka aibu ikang'aa.

Alicheka hadi ndoo ikamtupa chini.
Akabaki sakafuni, mgongo kwenye mkuku,
na kicheko kilipokwisha kilichofuata hakikuwa kicheko.

Kuchanganya rangi kulimla alasiri nzima.
Nyeupe, na njano ya kuchovya kijiti,
na kahawia kidogo, chini ya tone.
Lakini ifanane na ipi?
Ya kiwandani, iliyozeeka kwa jua?
Ya Osmo, iliyozeeka gizani chini ya nta?
Alijaribu nane kwenye kipande cha mbao.
Hakuna iliyokubali.

Akachagua ya tano, akahesabu matone kwa sauti,
akajaza ufa mpaka ukavimba kidogo,
akaubandika nailoni ili hewa isiuguse,
akasogeza taa ya joto, akaketi
kama anayekesha na mtoto mwenye homa.

Kesho ni msasa wa mia nne, wa mia nane,
wa elfu moja na mia mbili na maji,
kisha dawa ya kung'arishia, kisha mabega kuuma.
Kiraka cha Osmo hatakigusa.
Labda atakipiga nta.

Jioni simu ikalia.
"Imekubali?" mwanawe akauliza.
"Imeshika," alisema. "Inaonekana, lakini."
"Inaonekana sana?"
Rauha akakigonga kwa ukucha, kikajibu kwa ugumu.
"Ukiinama," akasema. "Baba yako hakuwahi kuniinamisha."

Mtoto hakuelewa. Naye hakumfafanulia.