Kamba ya Katani

Niliinunua mnadani Solai, mvua ikinyesha,
wala hakuna aliyeshindana nami ila njiwa
waliokwisha kutaga ndani ya shingo yake.
Milioni moja na laki mbili: kiwanja cha Subukia,
mitamba watatu, na kimya cha Taprandich
kilichodumu tangu Jumatano hadi Jumapili.
"Ina umri gani?" ndilo neno lake la kwanza.
Nikasema imemzidi Kibet wetu miaka tisa.
"Na Kibet bado hajaanza kazi," akasema,
akachukua ndoo, akaenda kukama.

Kipimo cha saa kimekwama elfu tisa mia nne;
tangu lini, aliyeniuzia alitazama pembeni.
Maandishi ubavuni ni ya Kijerumani, marefu kama treni ya mizigo,
sisi tukasoma picha tu: mkono, gurudumu la visu,
vidole vinne vikiruka hewani.
Lugha hiyo haihitaji shule.

Fundi Gathogo alilala chini yake siku kumi na moja.
Alitoka na kiota cha panya, mikanda mitatu iliyochanika,
risiti ya dizeli ya enzi shilingi ingali na nguvu,
na nati moja tusiyojua hadi leo ni ya wapi.
Iko dirishani, ndani ya gilasi ya chai.
Mashine ikikohoa, mimi huitazama ile nati.

Lakini ilipowaka!
Mbwa walibweka hadi Kampi ya Moto.
Mahindi yakaingia wima, yakatoka mvua,
mvua ya kijani, yenye joto, ikimiminika kwenye trela,
na eka nzima ikaisha kabla chai yangu haijapoa.

Eka hiyo zamani ilikuwa vijana sita, mapanga sita,
siku mbili na sufuria ya githeri,
Sigilai mbele, akikata kwa pigo moja moja
kama anayehesabu pesa za mtu mwingine.
Sikuwafukuza.
Sikuwaita tu.

Ina sumaku mdomoni. Ikinusa chuma hufunga meno, hugoma.
Mara mbili iligoma bure, tukapekua, hatukuona hata msumari.
"Kata huo waya," Gathogo akasema, "mzee anaota."
Akanipa koleo. Nikasema kesho.
Ulikuwa uvivu, msiniitie busara.

Kesho yake, kwa Mama Wairegi, mstari wa nane,
ikasimama ghafla, paji langu likagonga kioo.
Nikaitukana ukoo wake wote hadi kiwandani.
Nikaizungusha kinyume, ikatapika mabua,
na katikati ya mabua, panga.
Limefungwa kwenye bua kwa kamba ya katani,
ncha juu, kimo cha kiuno,
kwa fundo la ndama, lile linalojikaza likivutwa.
Zizini kwangu alikuwako mtu mmoja tu
aliyefunga ndama hivyo.

"Polisi," Gathogo akasema.
Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Mau.
Nikaliweka panga chini ya kiti, nikamaliza shamba.

Jioni nilimkuta mlangoni pake, ananawa miguu.
Nikalilaza juu ya kigoda.
Hakuuliza limetoka wapi, nami sikusema.
Mvua ikaanza juu ya mabati.
Nikayatazama makali yake, kutoka mpini hadi ncha:
yamenyooka kama uzi wa mwashi.
"Visu ni ishirini na vinne," nikasema.
"Vinataka kunolewa kila alfajiri. Jiwe lake limekwisha."
Akapangusa mguu mmoja. Akapangusa wa pili.
"Saa ngapi?"

Saa kumi na moja huwa amefika, tupa mkononi,
anapitisha kidole gumba kwenye kisu, polepole,
chini ya ile picha ya vidole.
Mimi nami hutangulia shambani kwa miguu,
mstari kwa mstari, nikipapasa mabua kwenye umande.
Ananiona. Anaendelea kunoa.
Koleo la Gathogo nimelifungia kabatini.