Neno Moja Mia Tano

Kilele FM, tisini na nne nukta saba:
jina kubwa kwa ghorofa ya pili
juu ya duka la magodoro, hapa Koboko.
Magodoro na redio, vyote ni vya Bwana Anguyo.
Mabaki ya sponji kayabandika ukutani
yanyonye mwangwi, pamoja na trei za mayai,
kwa hiyo studio hunuka gundi
na, siku za mvua, kuku.

Mimi ndiye Khemis unayenisikia mchana.
Natangaza dawa ya mende, mabati, harusi,
mbuzi mweupe wa sikio moja aliyepotea tangu Ijumaa,
kisha muziki, muziki, muziki,
rumba kwa madereva wa malori
waliokwama forodhani wakingoja muhuri.
Mshahara ukichelewa tunalipwa sabuni ya mteja.
Kwangu povu halijawahi kupungua.

Jumanne alipanda ngazi mama mmoja,
viatu mkononi, asichafue.
Alisema kwa Kikakwa, nikaandika kwa Kiswahili,
maana mwana anadhaniwa yuko Ariwara, upande wa Kongo,
na sokoni kule kila sikio linakifahamu:

Duku mwanangu, hapa ni mama yako Kiden wa Lobule,
deni la pikipiki nimelipa,
nimeuza ng'ombe wa mahari ya dada yako,
polisi hawakutafuti tena,
rudi nyumbani ule.

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Ishirini na sita. Neno moja mia tano,
na jina la mtu nalo ni neno.
Elfu kumi na tatu.
Akafungua fundo la kitenge:
elfu moja na mia tano.

Tukaanza na ng'ombe.
Alikuwa keshauzwa mara moja,
kumtoa tena hakukuuma.
Polisi wakaondoka. Lobule ikaondoka na mashamba yake.
Nikamfunulia ujanja wa lugha hii:
neno moja hupakia mtu, wakati na tendo,
kama bodaboda na abiria watatu,
na Bwana Anguyo hatozi ziada.
Akacheka, kidogo, akajifuta mdomo.

Penye "mama yako" kalamu ilisita.
"Kata."
"Atajuaje ni wewe?"
"Nani mwingine angelilipa?"

"Na 'rudi', mama?"
Hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe lilipo,
akaliwekea kidole
kama anayepima homa ya mtoto.
"Hilo," akasema, "mwache alitafute mwenyewe."

Yakabaki matatu.
Akahesabu noti na sarafu mbele yangu,
akavaa viatu akiwa ameshafika barabarani.

*Duku, deni limekwisha.*

Niliyasoma saa saba na nusu, kati ya mende na mabati.
Halafu nikanyamaza.
Sekunde nne, labda tano,
kimya ambacho hakuna aliyekilipia.
Chini dukani Bwana Anguyo akagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Kimya ni hasara, huwa anasema,
msikilizaji akisikia kimya anakwenda kwa jirani.
Akanikata mche mmoja wa sabuni.

Alhamisi, saa ya salamu, ikaingia namba ya Kongo.
Nikauliza jina. Pumzi tu.
Nyuma yake pikipiki ilinguruma palepale, haiendi.
Wimbo gani, ndugu? Salamu ziende kwa nani?
"Lile tangazo," ikasema sauti. "Rudia."

Bei ilikuwa tayari ulimini.
Nikaimeza.
Nikaikata rumba katikati ya gitaa,
nikasogelea maiki.