Shingo

Darasa la tatu nilivishwa kibao shingoni
kwa kusema "medi" penye mtungi wa shule.
Tangu hapo nikawa mtu wa maji.

Chimela naye nimemlea kwa maji.
Mama yake, wa Masasi, humtilia "maasi" kisirisiri
akimwogesha, kama anayeongeza chumvi.
Mimi kimya. Kimakonde chetu
kilibaki kwa dada yangu Nambunga,
anayetuletea ndoo kutoka Luchingu
siku bomba la Newala likikumbuka watu.

Jana homa. Saa nane usiku mtoto akaita:
"Medi."

Nikasimama na kikombe,
shingo ikiniwasha.

"Medi!" akarudia, sasa kwa hasira,
kama anayesema na kiziwi.