Nakala ya Kumi na Moja

Mjomba Gerold hakuwa na kanvasi.
Alikuwa na magunia ya korosho, yamefuliwa mara mbili,
yamewambwa kwenye fremu za mbao za kitanda kilichovunjika,
na mhuri wa chama cha msingi bado ukichungulia
chini ya goti la Bwana:
DARAJA LA PILI.

Rangi nyekundu ilikuwa ya mageti.
Ya manjano alijichanganyia mwenyewe, sikuulizwa,
ila nyumba nzima ilinuka salfa
kama shamba la mikorosho mwezi wa saba.

Cha kuigia kilikuwa kadi ya posta
iliyodondoka kwenye kitabu cha nyimbo cha mmisionari fulani
aliyerudi kwao kabla sijazaliwa.
Nyuma, Kijerumani kilichoota ukungu.
Mbele, Kristo msalabani,
lakini Kristo gani huyu!
Uso wa kijani, kijani cha ndizi isiyokomaa,
mbavu kama zimekwaruzwa na mtu mwenye hasira,
mbingu imeinama upande, ukuta wa udongo wakati wa masika,
na mikono,
mikono mikubwa kuliko kichwa,
vidole vimekakamaa, ncha nyeusi.

“Aliyechora hiki alikuwa anaumwa,” alisema katekista Longino.
“Au alikuwa amesimama karibu,” alisema mjomba,
akaendelea kupunguza nywele za brashi kwa wembe.

Ndanda ilimtaka Yesu wa kalenda,
nywele za saluni, shavu lililoshiba.
Nakala ya kwanza ilikaa miezi saba dukani kwa Mponda
imegeuzwa ukutani, mtoto aliyetiwa adabu.

Mpaka siku Bi Kolumba Nahonyo alipofuata kibiriti.
Miaka ishirini na sita ya kubangua korosho,
utomvu wa ganda umeshamla alama za vidole;
kadi ya kura alisumbuliwa nayo, mashine haikumtambua.
Aliigeuza picha. Uso hakuutazama.
Aliweka kiganja chake juu ya kile kiganja, akapima.
“Huyu,” alisema, “amebangua.”
Akalipa nusu,
nusu nyingine yakitoka malipo ya pili.

Baada ya hapo wakaja wa Mwena, wa Chikundi,
mmoja alitoka Nanganga na kuku kwapani.
Hakuna aliyeuliza habari ya kijani.
Mmoja tu aliomba mikono iongezwe kidogo,
mjomba akakataa: “Hapo nitakuwa naongopa.”

Sasa, kwenye ile kadi, juu ya bega la kushoto,
palikuwa na duara la kahawia, halikufunga vizuri.
Mjomba alilichora. Kila nakala, kila gunia,
kwa brashi nyembamba kuliko zote.
Padre akahubiri kwamba ni taji la utukufu lililoporomoka.
Bi Kolumba aliliita mwezi.
Katika nyumba kumi watu wanapiga magoti
chini ya alama ya kikombe cha chai.

Nilikuwa na miaka sita. Kikombe kilikuwa changu.
Nililia siku ile, nikitegemea fimbo,
naye akasema tu, “Mimi si mwenye picha, ni mwenye mkono.
Nikianza kufuta vya watu, nitaishia wapi?”

Ya kumi na moja ninayo mimi, hapa Masasi,
juu ya meza, kati ya swichi na dirisha.
Aliichora mtoto wa jicho ukiwa umeshamfunika:
kijani kimetiririka mpaka shingoni,
mguu mmoja umepitiliza ukafika kwenye fremu.
Ila mikono ipo.
Mikono aliijua bila macho.

Na pale begani hakupaka kitu.
Gunia liko wazi, nyuzi zinaonekana,
na herufi tatu za mhuri.
Nilimwambia, “Mjomba, hapa umesahau.”
Akacheka mpaka akakohoa.
“Hapo si kazi yangu.”

Miaka minne sasa.
Asubuhi nasimama mbele yake na chai mkononi,
kitako cha kikombe kimelowa,
namtazama, ananitazama,
chai inapoa.