Nambari Tisa

Kwetu Maji ya Chai jina halikutolewa kwa utani.
Mto unashuka Meru na rangi yake,
nasi tulioukinga kwa madumu
tulikua na meno ya rangi hiyo.

Nilijifunza kucheka nimefumba.
Picha ya darasa la saba nimekaza midomo
kama fundi aliyebana pini.
Bibi alisema ni urithi.
Muuza viatu wa soko la Kilombero
aliniuliza kama nabwia ugoro,
nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kidato cha pili akaja Mwalimu Mfinanga,
mtu wa Same, meno meupe kama chaki yake.
Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na meza,
limau, magadi, kibiriti kilicholowa,
na jedwali alilolichora mwenyewe
nyuma ya mifuko ya saruji, akaishona kwa uzi wa viatu.
Kila elementi na chumba chake, namba mlangoni,
kama nyumba ya kupanga isiyo na mwenye nyumba.

Siku ya atomi alimwaga kunde mezani: protoni.
Choroko: nyutroni.
Elektroni zilikuwa punje za ulezi,
na dirisha letu halikuwa na kioo.
Upepo ukazizoa. Hakuziokota.
"Ndivyo zilivyo," akasema. "Nani kawahi kuzituliza?"

Kisha akainua punje moja kwa ncha ya ukucha.
"Kiini kikiwa hiki, katikati ya uwanja wa mpira,
elektroni za nje zinazunguka huko magolini.
Katikati hapo hakuna kitu."
Nderingo akauliza, "Hata nyasi?"
"Hata nyasi."
Nikaligonga dawati. Utupu ule ukaniumiza vidole.

"Elinami, njoo umpange namba tisa."

Kunde tisa. Choroko kumi.
Mzingo wa kwanza, ulezi mbili.
Wa pili, saba,
na nafasi moja wazi
kama pengo la mtoto.

"Florini," akasema. "Hakuna mwenye njaa kama yeye
katika mifuko yote hii ya saruji.
Jirani yake namba kumi ameshiba,
haazimi hata chumvi.
Huyu amepungukiwa moja tu,
na kwa hiyo moja atavunja mlango.
Mtoni ameshaipata. Ametulia, hana rangi, hana harufu;
ile rangi ya chai msimsingizie.
Ila jino la mtoto likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi,
hupita humo, humkuta kalsiamu,
mkarimu, mwenye mbili za kutoa…"

Hapo akakatisha. Nadhani ndipo alipotuona:
midomo arobaini na mitatu, yote imefumbwa.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu.
Nikaokota ulezi sakafuni, nikaupuliza vumbi,
nikauweka penye pengo.
Nane.
Kumbe sikuwa na laana. Kumbe nilikuwa na namba.
Nikasema, "Basi ndiye huyu,"
na mdomo ukanifunguka mbele ya watu,
wote, mpaka magego,
na Nderingo naye, na Ndewario wa nyuma,
darasa zima la kahawia likicheka ovyo
mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta.

Muhula uliofuata Mfinanga alileta ndoo
yenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe.
Maji yapite humo, akasema,
mifupa imshike mgeni kabla hajafika kwenye yetu.
Bibi aliyakataa: ng'ombe wa nani, amekufaje?
Nilimchujia mdogo wangu kwa siri, kikombe kwa kikombe,
siku nyingine nikasahau,
siku nyingine ndoo ilikuwa kavu na yeye ana kiu.

Juzi jino lake la kwanza la ukubwani limechomoza.
Ananifuata jikoni, kaachama, anataka nilione.
Namwambia asubiri kuna moshi,
namwambia asubiri nimalize kuosha vyombo.